Mpakani Hapakuwa na Mtu

Papa,

Jana nilifika Trèves, Ujerumani. Nimeliona Lango Jeusi kwa macho yangu. Maneno haya ni wewe uliyepaswa kuyaandika, na barua ilipaswa kwenda kwa wale wanafunzi wako wa zamani waliobaki Bukavu, nawe ungeimaliza kwa sahihi yako yenye mkia mrefu.

Ni Jumapili mchana. Niko jikoni kwetu Koekelberg, kwenye kiti chako, kile chenye mguu unaocheza uliokuwa ukiuwekea kipande cha boksi la sukari. Sijakitengeneza. Nje ya dirisha Basilika iko palepale, na kila nikiiona nakusikia ukiicheka: "Hii iko mutoto tu. Siku moja muende muone Trèves." Shangazi Furaha amelala chumbani kwako, miguu imemvimba kwa kukaa sana kwenye basi. Chai yangu imepoa mara mbili.

Nina jambo la kukuambia, Papa, na nimelibeba tangu ukiwa hai. Nataka kukuambia kitabu chako cha bluu kilikuwa wapi ile Jumamosi. Lakini siwezi kuanza nalo moja kwa moja. Unanijua, mimi hata dawa ya kikohozi nilikuwa nazunguka nayo nyumba nzima kabla ya kuinywa. Niache kwanza nikupe habari.

Padri Joris haendeshi gari tena. Macho. Wamemhamishia kwenye nyumba ya mapadri wazee, na Jumapili zile anazopata mtu wa kumleta, anakuja kwenye mkahawa wa Flagey baada ya soko na kukaa kwenye ile meza yenu ya pembeni. Nilimkuta huko mwezi uliopita. Alinisalimia kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho hakijaota kutu hata kidogo, kisha akaniambia kwamba tangu uondoke hajabishana na mtu yeyote kuhusu Waroma, na kwamba kushinda mabishano peke yako ni kazi bure. Nilicheka. Halafu nikaingia metro nikalia hadi nikapitiliza kituo changu.

Kazini Etterbeek ni yaleyale. Nyumba ya wazee, mabeseni, taulo, "bonjour Madame, tunaanza na mkono gani leo?" Wengine uliowajua kwa masimulizi yangu wamekwisha kufa. Yule mzee aliyekuwa akiniita kwa jina la mke wake bado yupo, na bado ni mimi mke wake.

Kuhusu kukupeleka nyumbani, hatukuweza. Hilo unalijua bila shaka, kama wafu wanajua walipolala. Ulitaka kulala karibu na Mama, pale mlimani ambapo Ruzizi inaonekana ikitoka ziwani. Tulijaribu. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, barabara zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na kila tuliyempigia simu kule alikuwa anatafuta pa kukimbilia yeye mwenyewe. Nani angeacha kukimbia ili akachimbe kaburi? Tukakuzika huku, kwenye udongo wenye mvua, kwa ruhusa ya miaka kadhaa. Miaka ikiisha watatuandikia barua. Hata kaburi huku lina dossier, lina faili lake, Papa.

Na matanga hatukuyatoa. Hapa ndipo safari ya jana ilipoanzia, kwa hiyo nisikilize.

Wiki ile tuliyokuzika, Shangazi Furaha alikuja kutoka Liège na begi lake moja, akakaa pale unapokaa, akaniuliza: "Nsimire, huku muto yao iko wapi?" Kwa sababu nyumbani, unakumbuka, tulipomzika Mama tuliteremka wote hadi Ruzizi, tukanawa mikono, miguu na kichwa, ili kifo kibaki ndani ya maji na maji yakichukue. Wewe mwenyewe ulinishika shingo ukaniinamisha, maji yakaniingia puani. Bila kunawa mtoni mtu havui nguo nyeusi. Nikamwambia Shangazi kwamba mto wa Brussels upo, ila uko chini ya barabara. Waliufunika zamani, wakapitisha magari juu yake. Aliniangalia akidhani namtania. "Bazungu balizika muto? Muto muzima? Bon, donc batu babo banaogeaka matanga wapi?"

Nilimpeleka kwenye mfereji, pale karibu na daraja. Alisimama akayaangalia maji ya kahawia na chupa zilizokuwa zikielea, akatikisa kichwa. "Hii maji inalala. Maji yenye kulala haibebake kitu." Tukarudi nyumbani na huzuni yetu ileile, na nguo zetu nyeusi zilezile, na tumezivaa mwaka mmoja na miezi miwili. Kazini nilikuwa navaa nyeupe juu, nyeusi chini.

Sasa nikaribie. Nakaribia, Papa.

Unakumbuka tulipofika nchi hii, katika kile kituo cha wakimbizi chenye harufu ya supu ya kabichi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kulikuwa na tonton mmoja wa Uvira, kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, na alikuwa amekaa humo muda mrefu hadi akawa anatoa mashauri kama wakili. Aliniita pembeni akaniambia: "Ukivuka mupaka, dossier inakufa. Na dossier ikikufa, na weye unakufa." Alikuwa na ndugu aliyekwenda Paris siku mbili tu, kwenye harusi, na hakurudi tena. Sijui kama ni kweli. Niliyameza maneno yale mazima mazima, na baadaye nilipokuona unatoka kwenye ile ofisi ya maswali, baada ya kuulizwa saa nne nzima, uso umekauka, ukisema walikuuliza geti la shule yako lilikuwa la rangi gani nawe ukasema kijani halafu ukakumbuka kwamba mwaka wa mwisho walilipaka bluu, maneno yale yakakaa ndani yangu yakaota mizizi. Siku tatu hukula vizuri kwa ajili ya geti.

Kisha tukakubaliwa. Ikaja kadi, na baadaye ukapata kile kitabu cha safari, cha bluu, chenye picha yako umekaza macho kama unayesahihisha mtihani. Ulikiweka mezani katikati, ukakizunguka, ukasema: "Sasa, Trèves."

Nami nikasema: "Mwaka ujao, Papa."

Akilini nilijua. Wakati huo nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeuliza, nilijua kwamba mtu mwenye kitabu kile anapita. Lakini mwili wangu haukujua. Harusi ya Lille sikwenda, nikasema nina zamu. Ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu kule Cologne sikwenda, nikasema ni mgonjwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kutoka nje ya Ubelgiji hata kwa mguu mmoja, na nchi yenyewe ndogo, ukipiga chafya Arlon wanakujibu Ostende. Na kwa kuwa mimi nilikuwa naogopa, nikaamua na wewe uogope. Ulipopona goti ukaniambia tena, "Trèves sasa, kabla goti la pili halijaanza." Nikasema mwaka ujao. Hukuogopa kitu, wewe. Ulikuwa unaningoja mimi nimalize kuogopa.

Halafu Padri Joris akaingilia kati. Alikuja hapa mwezi wa kumi, akala ugali wetu na samaki, akasema mbele yangu: "Mwalimu, tuende. Gari iko. Trois heures, masaa tatu tu, tunafika, tunakula, tunarudi." Nikamkatalia, nikakugeukia wewe nikasema mwaka ujao. Akanieleza taratibu, "Nsimire, hii livre inapita. Inapita kabisa." Nami nikamjibu vibaya, nikamwambia, "Mon Père, weye haujue dossier. Weye ulizaliwa na passeport." Alishusha macho kwenye sahani. Mtu aliyekaa Kivu miaka thelathini, aliyemzika Mama pamoja nasi. Hata hivyo mlipatana wawili, mkadhani sisikii: Jumamosi ile, saa mbili asubuhi.

Basi. Ile Jumamosi zamu yangu ilianza saa kumi na mbili. Nilipoamka, wewe ulikuwa umeshaamka. Ulikuwa umevaa lile koti la kijivu la ualimu na tai yako nyekundu ya mvinyo, viatu umevipaka vaselini hadi vinang'aa, na juu ya jiko yalikuwa yanachemka mayai sita. Ulikuwa umekwishaandaa kitambaa cha kuyafungia na chumvi kidogo ndani ya karatasi, kama tulivyokuwa tukisafiri kwenda Uvira zamani. Ulikuwa unaimba kidogo. Ulipoingia bafuni kunyoa ndevu, nilifungua droo ya kabati, nikachukua kitabu chako cha bluu, nikakiweka ndani ya sac yangu ya kazi, chini ya yunifomu. Nikakuaga kupitia mlango. Ulijibu na povu mdomoni.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakikupotea. Kilikuwa Etterbeek.

Siku ile niliosha wazee kumi na mmoja. Kila nikifungua kabati langu kuchukua glavu, sac ilikuwa inanitazama. Mara mbili nilishika simu nikupigie. Ningeweza kusema nimekibeba kwa bahati mbaya. Ningeweza kusema chochote. Nilipiga hesabu za polisi, za mbwa wa mpakani, za wewe umekaa kwenye chumba fulani Ujerumani ukiulizwa tena rangi ya geti, na mkono ukarudi wenyewe mfukoni.

Jioni nilikukuta hujavaa koti tena. Tai ulikuwa umeikunja vizuri mezani. Mayai yalikuwa kwenye sahani, sita yote, na chumvi yake. Ulisema tu, "Livre haikuonekana. Padri alingoja mpaka midi, saa sita." Nikasema, "Labda iko mahali." Hivi ndivyo nilivyosema, Papa, mimi, binti yako. Uliposimama kwenda kusali, nikakirudisha kwenye droo.

Kesho yake ulifungua droo kutafuta miwani. Ulikiona. Ulikiinua, ukakipindua, ukanitazama muda ambao hadi leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha ukasema, "Bon. Majiwe haikimbie." Ukakirudisha. Tukala yale mayai kwa kiamsha kinywa. Mimi nilikula matatu. Niliyala, Papa, na nikaweka chumvi.

Baada ya miezi mitano moyo wako ukasimama. Jumanne asubuhi, kwenye ngazi zetu, umebeba mkate. Jirani wa chini ndiye aliyekushika. Mimi nilikuwa Etterbeek nimeshika mguu wa mama mmoja wa miaka tisini na kitu, ninamkausha katikati ya vidole maana pasipokaushwa pale panachubuka, ndivyo tulivyofundishwa. Simu ilikuwa kabatini. Nilipofika hospitali walikuwa wamekwishakufunika. Maisha yangu yote huku naosha watu wasio wangu, na wewe ulioshwa na kufungwa na mikono nisiyoijua.

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ulikuwa unanisumbua kila siku kwamba unataka mjukuu. Huyu ndiye niliyekupatia.

Yule bwana wa mazishi aliponiomba karatasi zako zote ili azipeleke commune, ofisi ya manispaa, nilimpa kadi, nikampa cheti, nikampa kila kitu. Kitabu cha bluu nilisema hakionekani. Neno lako lenyewe nililitumia. Commune wameandika barua mbili za adabu wakikiomba. Nilikwenda mara moja, nikachukua namba, nikakaa. Namba yangu ilipowaka ukutani nikainuka, nikatoka nje, nikanunua vitunguu.

Sasa Trèves. Wamama wa misa yetu ya Kiswahili walipanga safari ya hija, waende kusali katika kanisa kuu la kule, lile linalotunza kanzu wanayosema ilikuwa ya Bwana Yesu. Waliposoma tangazo baada ya misa, nilitaka kutoka nje. Lakini Shangazi alinishika mkono. "Kule kuko muto?" Nikamwambia uko, unaitwa Moselle. "Yenye kutembea?" Inatembea, Shangazi. "Basi. Tunaenda kutoa matanga."

Nilibeba vitabu viwili, changu na chako. Sikujua nakibeba chako kwa nini. Nilisema moyoni: wakiuliza, watuulize wote wawili. Tangu tulipopita Namur nilikuwa nimevishika mapajani, huku wamama wanaimba na mmoja anapitisha mandazi. Nilikuwa natazama mbele nikisubiri kizuizi, kibanda, mtu mwenye kofia. Tulipita misitu, tukapita vituo vya mafuta, tukapita daraja refu juu ya bonde. Mwishowe nikamuuliza mama aliyekaa kando yangu mpaka uko wapi. Akacheka na mdomo umejaa. "Luxembourg tulishaipita zamani, Nsimire. Hapa njo Allemagne. Tulipita saa ile ulikuwa unakatala beignet."

Hapakuwa na mtu, Papa. Kulikuwa na kibao tu, aliniambia, cha bluu chenye nyota na jina la Ujerumani, kama vile wanavyoandika majina ya mitaa. Nilitamani polisi. Nilimtamani hata mmoja, mkali, mwenye mbwa, asimamishe basi, atushushe, atutukane, ili niweze kukuambia: unaona? Nilikuwa nakulinda na kitu. Nilikuwa nakulinda na kibao.

Lango Jeusi si jeusi sana. Ni kama sufuria la maharage kwa nje, pale moto ulipolamba na pale usipolamba. Ni kubwa, Papa. Kubwa kuliko ulivyosema, nawe hukuwa mtu wa kupunguza. Unakumbuka picha uliyokuwa nayo, ile ya kitabu cha shule, ndogo kama kiberiti? Ulikuwa unatuchorea ubaoni kwa chaki, na mnara mmoja ulikuwa unauchora mfupi kuliko mwingine, nasi nyuma tulikuwa tunacheka kwamba Mwalimu chaki imemwishia. Kumbe ndivyo ulivyo. Mnara mmoja ni mfupi. Nilisimama mbele yake nikasema kwa sauti, "Alisema kweli," na wamama wakageuka.

Na yale matundu uliyosema yapo. Waroma walipanga mawe bila udongo wa kuyashikanisha, wakayafunga kwa vyuma, halafu watu wa baadaye wakachimba mawe ili waibe vyuma. Na mawe mengine hayakuchongwa hadi mwisho. Ulitufundisha kwamba lango lile halikumalizika kamwe, na kwamba lilipona kubomolewa kwa sababu mtawa mmoja aliomba ajengewe chumba ndani yake, akakaa humo mpaka akafa, kisha watu wakaligeuza kanisa. Ulikuwa unaipenda sana habari hiyo. Ulisema, muntu moja alikaa tu, akaokoa mulango mzima. Mimi nami nilikaa tu.

Wamama walikwenda kanisani. Mimi nilikwenda kwenye dirisha la tiketi. Msichana aliyekuwa hapo hakujua Kifaransa, na Kiingereza changu unakijua. Nilitaka kuonyesha kidole kimoja. Nikaonyesha viwili. Akatazama nyuma yangu kumtafuta wa pili, akauliza, "Senior?" kwa sababu wazee wana bei yao. Sikuwa na jinsi ya kumweleza. Nikakitoa kitabu chako, nikakifungua kwenye picha, nikampa.

Alikisoma, Papa. Alitazama uso wako, akatazama mwaka uliozaliwa, akatikisa kichwa kukubali, akachomeka tiketi yako katikati ya kurasa zile nyeupe zisizo na muhuri hata mmoja, akakirudisha kwangu kwa mikono miwili. Katika nchi tatu nilizopita jana, yeye peke yake ndiye aliyetaka kuona karatasi zako. Na alikuruhusu upite.

Nilipanda ngazi za mzunguko hadi juu. Nilitaka kukuambia kitu kule juu, sala, au hata yale ya Kilatini ya darasani, porta, portae, tuliyokuwa tukiimba kama kasuku. Badala yake nilikifungua kitabu kwenye picha yako nikakielekeza dirishani, kwenye mtaa na watu wanaokula ice cream. Mzungu mmoja alisogea kando kwa heshima akidhani napiga picha kwa simu. Nilikishika hivyo mpaka mkono ukachoka. Kisha nikashuka, maana basi haliwezi kumngoja mtu mmoja.

Mchana tulikwenda mtoni, mimi na Shangazi peke yetu. Kuna daraja la zamani ambalo miguu yake ni ya Waroma wenyewe, mawe meusi, na magari yanapita juu bila habari. Tulitafuta mahali penye majani panapoteremka hadi majini. Shangazi alivua viatu, akasali, akanawa mikono, miguu, kichwa, akalia kwa sauti bila aibu, watu wa baiskeli wakapunguza mwendo. Kisha akafungua kitambaa cheusi, akajifunga kile kitenge cha kijani ulichomnunulia Noeli ya mwisho. Alikuwa mwepesi ghafla. Niliona kwa macho yangu kwamba maji yale yanafanya kazi.

Nikaingia mimi. Maji yalikuwa ya baridi. Nikanawa mikono, nikanawa miguu katikati ya vidole, nikainama mwenyewe maana hapakuwa na mtu wa kunishika shingo. Nikangoja. Maji yakapita, na mengine yakapita, na mimi nikabaki na vyote nilivyokuja navyo.

"Nsimire, toa ile nguo," Shangazi akasema.

Nikamwambia sijamaliza. Akasema, "Unamaliza na nani? Mwenyewe alishaenda." Nilitoka majini nikavaa viatu na miguu yangu yenye maji.

Kwenye basi, wamama walipolala, nilimweleza. Nilimweleza yote, droo, sac, mayai. Nilidhani atanipiga, mikono yake bado ina nguvu. Alikunja na kukunjua kitambaa chake cheusi hadi tulipoingia Ubelgiji, sijui wapi, mpaka sikuuona tena. Kisha akasema: "Alijua."

Ulimpigia simu Liège Jumapili ileile, Papa. Ulimwambia, na amenirudia maneno yako, "Mutoto anaogopa. Alificha livre ndani ya sac ya kazi, anafikiri sikuone." Yeye akakuambia uniulize. Nawe ukasema hapana, "Ataniambia yeye mwenyewe, siku yake ikifika."

Miezi mitano. Ulinipa miezi mitano. Tulikula pamoja kila jioni kwenye meza hii, nikakukata kucha, nikakununulia dawa, tukagombana kuhusu redio, na kila jioni ulikuwa umekaa pale unaningoja niseme. Nami nilikuwa nikikuuliza kama unataka chai.

Basi, Papa, siku yenyewe ndiyo leo. Nimechelewa. Kilikuwa ndani ya sac yangu. Nilikichukua mimi, si kwa bahati mbaya, wewe ukinyoa ndevu. Sikukulinda. Niliogopa tu, na sikujua la kufanya na woga wangu isipokuwa kuufungia wewe ndani yake. Sijui unajibuje. Nimeweka kalamu chini nikatega sikio. Nimesikia friji na Shangazi akikoroma.

Mara tatu nilikuambia mwaka ujao. Safari hii sisemi mwaka ujao. Nasema kesho, Jumatatu. Kesho asubuhi nakwenda commune, nachukua namba, na namba ikiwaka ukutani nakwenda dirishani. Nitawaambia hakikupotea, nilikificha. Watanitazama, hawataelewa ni kwa nini mtu analia kwa ajili ya kitabu kisicho na muhuri hata mmoja. Nitawaachia. Tiketi yako nitaibakiza mimi. Kisha nitarudi nyumbani nivue hii nguo nyeusi, hata kama sijisikii mwepesi. Ninaogopa, Papa. Nakuahidi nikiwa naogopa vilevile, maana sina namna nyingine ya kuahidi.

Lala salama huko kwenye mvua, mpaka njia ya kwenda kwa Mama ifunguke. Nikipata barua ya kaburi nitaijibu siku ileile.

Na yale mayai, nisamehe.

Binti yako,
Nsimire